Ndege yangu ya umeme iliruka vizuri Dar, nimehamia Mbeya haipandi. Ninunue mota kubwa?

Kipanga wa Uyole (mleta uzi)

Habari za humu wakuu. Kwenye jukwaa hili ni mgeni, ila kwa ndege za rimoti nina mwaka wa pili sasa. Tatizo langu liko hivi.

Nikiwa Dar nilitengeneza ndege ya fomubodi, bawa la juu, sentimita 100 ncha hadi ncha, upana wa bawa sentimita 18 mwanzo hadi mwisho. Mota ni saizi ya 2212, ya 1000KV (mizunguko elfu kwa kila volti bila mzigo), zile za bei chee wanazonunua wanafunzi wa droni. ESC (kidhibiti kasi cha mota) ya ampea 30, propela 8x4, betri ya lipo 3S (seli tatu) ya 2200 mAh, servo (vimota vya kusogeza usukani) nne za bluu za gramu tisa. Kule Kigamboni ilikuwa inaondoka kwa matairi yake kwenye mchanga mgumu, inapanda taratibu, robo saa nzima niko hewani. Sikuwa na malalamiko.

Januari nikahamishiwa Mbeya kikazi. Ndege ileile, betri ileile. Hapa Uyole kwa matairi hainyanyuki kabisa. Nikiirusha kwa mkono inakwenda kama mita 30 pua ikiwa juu, inayumbayumba, halafu bawa la kushoto linadondoka na ndege inazama nalo. Pua nimeitengeneza mara tatu. Watoto wa mtaani wameshaipa jina, wanaiita Kuku.

Kuna mota nimeiona mtandaoni, 2814, kubwa hasa, na hela nimeshatenga. Ninunue? Au nipandishe betri iwe 4S? Naomba kuwasilisha.

Turbo255

Nunua mota mkuu. Nguvu ndiyo kila kitu. Hata mlango wa friji unaruka ukiufunga mota ya kutosha.

Mpita Njia

Mimi swali langu ni moja tu, ikishapona inaweza kunifuatia mchele Kyela?

Mzee wa Upepo

Kijana, hela yako iache mfukoni kwanza. Nataka namba tatu kutoka kwako. Ya kwanza, uzito wa ndege ikiwa tayari kuruka, betri ikiwa ndani. Weka kwenye mizani ya jikoni. Ya pili, kitovu cha uzito kiko sentimita ngapi kutoka ukingo wa mbele wa bawa; inyanyue kwa vidole viwili chini ya bawa, uone inakaa sawa wapi. Ya tatu, mota inakula ampea ngapi gesi (fimbo ya nguvu kwenye rimoti) ikiwa yote. Bila hizo tunapiga ramli tu hapa.

Wakati unazitafuta, nikuambie kilichokupata. Dar uko usawa wa bahari. Mbeya mjini uko kwenye mita 1,700 hivi. Shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 83 ya la pwani. Baridi ya Mbeya inakusaidia kidogo kwa sababu hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, lakini ukilinganisha Mbeya ya nyuzi 20 na Dar ya nyuzi 30 bado hewa yako imepungua uzito kwa karibu asilimia 15. Ndege yako yote inaegemea hewa hiyo. Bawa sasa linatakiwa liende kasi zaidi, kama asilimia 9 hivi, ili libebe mzigo uleule, na wakati huohuo propela inakamata hewa kidogo kuliko ilivyozoea. Umepigwa pande mbili. Kama Dar ilikuwa inapanda "taratibu", maana yake ilikuwa na akiba ndogo sana, na akiba hiyo umeiacha Kigamboni.

FundiSolda

Ampea usizipime kwa multimita ya kawaida, nyingi zinaishia ampea 10 na waya zake ni nyembamba. Tafuta wotimita ya lipo. Inakaa katikati ya betri na ESC, inaonyesha volti, ampea na wati kwa pamoja. Na tafadhali ndege ifungwe au mtu aishike vizuri kwa nyuma ya propela. Mimi nina alama kwenye kidole gumba ya propela ya inchi nane. Watu wanaichukulia kama feni ya mezani. Siyo.

Kipanga wa Uyole

Nimerudi. Wotimita nimeazima kwa rafiki anayefundisha ufundi umeme, akanipa na kile kifaa cha mwanga cha kuhesabu mizunguko ya propela.

Uzito gramu 742. Nilikuwa najiaminisha ni 600, sijui niliitoa wapi.

Kitovu cha uzito sentimita 6.3 kutoka ukingo wa mbele.

Gesi yote, betri ikiwa imejaa: ampea 6.9, volti 11.5, wati 79. Mizunguko karibu 9,300 kwa dakika. Nikaifunga mkia kwenye ile mizani ya kuning'iniza mizigo ya safari, ikavuta gramu 410.

Sasa naomba mnisomee hizo namba, mimi nimeziandika tu.

Mzee wa Upepo

Ahsante, sasa tunaongea.

Wati 79 kwa gramu 742 ni kama wati 106 kwa kilo. Ndege ya kujifunzia ya bawa la juu huanza kuruka kwa amani hapohapo kwenye 110 na kwenda juu. Ya kuchezea mikogo hewani inataka 200 na zaidi. Kwa hiyo uko mlangoni, hujaingia. Mvuto wa gramu 410 dhidi ya 742 ni kama asilimia 55. Hiyo inaruka ikiwa safi, yenye mizani sawa na isiyo na buruto (ukinzani wa hewa). Yako haina hata kimoja, tutafika huko.

Angalia kitu kimoja watu wengi hawakioni. Ampea 6.9 tu! Kwa mota hiyo na propela hiyo ningetegemea uone karibu 8 kule Dar. Injini ya mafuta ikipanda mlima inakosa pumzi, nguvu inapungua kwa sababu haipati hewa ya kuunguza. Mota ya umeme haipumui. Kilichotokea ni kwamba propela imekuta hewa nyepesi, mzigo umepungua, mota inazunguka kwa raha bila kufanya kazi. Una mota inayoweza kula ampea 12 kwa vipindi vifupi bila shida, nayo imekaa kwenye saba. Nguvu unayo tayari. Unachokosa ni propela ya kuitumia.

Turbo255

Kwa hiyo 4S! Volti zaidi, mizunguko zaidi, kazi imekwisha.

Mzee wa Upepo

Turbo, 4S kwenye propela ya 8x4 itapandisha mizunguko, kelele na mvuto pia, lakini kwa kula wati nyingi, maana inasukuma upepo mwembamba kwa kasi. Halafu betri ya 4S ni nzito, na uzito ndio ugonjwa wenyewe. Ndege inayopanda kwa shida inataka propela ikamate hewa nyingi na kuisukuma polepole. Hapo unaongeza kipenyo.

NairobiMrefu

Salamu kutoka Nairobi, wadau. Sisi hapa tuko karibu urefu huohuo, na hii stori tunaijua vizuri. Kila mtu akifuata chati ya mota ya mtandaoni, ile chati imepimwa sehemu ya chini. Sisi huwa tunaongeza inchi moja ya kipenyo halafu tunapima tena. Mota yangu ni kama yako, nilitoka 8x4 nikaenda 9x4.5, na ndege ikaacha kuburuta mkia.

Kwa wasiojua, namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni hatua, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inaingia kwenye mbao. Zidisha hatua kwa mizunguko upate kasi ambayo propela ikifika haina tena cha kuvuta. Kwa mleta uzi, inchi 4 mara 9,300 ni kama kilomita 57 kwa saa. Ndege yake haihitaji zaidi ya hapo. Kwa hivyo shida si kasi, ni mvuto. Usiende 8x6, utapata ampea bila kupanda.

FundiSolda

Na asije akarukia 10x4.7 zile nyembamba za slow flyer (za ndege za polepole) bila kusoma kikomo chake. APC, watengenezaji wa propela, wenyewe wanasema kwa propela zao za aina hiyo gawanya 65,000 kwa kipenyo cha inchi, ndiyo mizunguko ya mwisho. Inchi 10 ni 6,500. Mota ya 1000KV kwa 3S inapita hapo bila hata kujikaza. Nimeona moja ikipasuka, kipande kikaingia kwenye mlango wa gari. Chukua 9x4.5 ya aina ya umeme wa kawaida, yenye E mwishoni.

Mzee wa Upepo

Hapo FundiSolda amenena. Sasa turudi kwenye uzito maana ndiko kwenye utajiri.

Bawa lako ni sentimita 100 kwa 18, yaani desimita za mraba 18. Gramu 742 gawanya kwa 18 unapata gramu 41 kwa kila desimita ya mraba. Kwa ndege ndogo ya fomu ya kuruka polepole ningependa nione 30 au chini. Nimekupigia hesabu ya kasi ambayo bawa linaachia hewa, yaani linashindwa kuibeba ndege: Dar ilikuwa kama kilomita 30 kwa saa, hapo Mbeya imefika karibu 33. Unaona tofauti ndogo, lakini mkono wako haurushi kilomita 33. Unairusha ndege ikiwa tayari imeshaachia, ndiyo maana inakwenda pua juu inaomba msaada.

Kitovu cha 6.3 ni asilimia 35 ya upana wa bawa. Kiko nyuma mno. Bawa la mstatili kama hilo anzia asilimia 25 hadi 30, yaani kati ya 4.5 na 5.4. Niambie ndani ya pua umeweka nini, na mkiani kuna nini.

Kipanga wa Uyole

Mzee naona aibu. Puani kuna nati za boliti, gramu 28, nimezifunga kwa gundi ya moto. Niliziweka kusawazisha na bado hazikutosha. Mkiani servo mbili ziko katikati ya bodi, zinavuta kwa spoku za baiskeli, moja ya elevata (kibao cha kuinua na kushusha pua), moja ya usukani. Spoku mbili gramu 14. Mkia wenyewe ni fomubodi yenye karatasi pande zote mbili, na nimeupaka rangi ya kupuliza. Bendera ya taifa.

Binti Rubani

Rangi ya kupuliza ndiyo inanifanya nicheke 😂 Mkia wangu wa kwanza nao ulikuwa na bendera.

Kipanga, shika hesabu moja. Mkia wako uko kama sentimita 50 nyuma ya kitovu, pua iko kama sentimita 18 mbele. Kwa hiyo kila gramu unayoiweka mkiani inadai karibu gramu tatu puani ili kusawazisha. Gramu kumi za rangi na karatasi huko nyuma ni gramu 30 za nati mbele, jumla 40 unabeba bure. Anza kupunguza nyuma kabisa, ukisogea mbele. Wengi wanaanza na mota kwa sababu ndiyo wanaiona.

Toa karatasi ya juu kwenye mkia, lowesha kwa kitambaa chenye maji, subiri dakika chache, inavulika. Fomu ikiwa laini mno, pachika kijiti cha mshikaki kimoja kwa urefu, ufunike na selotepu. Spoku zitupe. Tumia kijiti cha mshikaki kirefu, au viwili vilivyounganishwa, na waya mwembamba ncha zote mbili.

Halafu lile bawa la kushoto. Propela ikizunguka kwenda kulia ukiitazama kutoka nyuma, mwili wa ndege unataka kujipindua kushoto. Kwa kasi ndogo, pua juu, gesi yote, ndipo inapotamba. Geuza mota kulia nyuzi mbili na chini nyuzi mbili au tatu. Kwa ukuta wa mota wa mbao nyembamba inatosha kuweka washa (pete bapa za skrubu) moja au mbili nyuma ya skrubu za upande unaotaka usukumwe nje. Kisha tazama bawa kwa nyuma, jicho moja limefumbwa. Kama ncha moja imejipinda pua juu kuliko nyingine, hiyo ndiyo itaachia kwanza. Ukitaka utulivu zaidi, pinda ncha zote mbili kidogo ukingo wa nyuma uende juu, nyuzi mbili tu, kwa kupasha joto taratibu na drai ya nywele. Usizidishe, mimi nilitengeneza bawa kama jani la mgomba lililokauka.

Mpita Njia

Drai ya nywele ya mke wako au umenunua ya kwako?

Binti Rubani

Mimi ndiye mke 😏 Drai ni yangu.

Turbo255

Sawa nimesoma. Ila mnamnyima raha, kazi yote hii wakati mota moja tu ingemaliza.

Mzee wa Upepo

Fanya hesabu, Turbo. Mota ya 2814 ina uzito zaidi ya mara mbili ya hiyo aliyonayo. Itataka ESC kubwa, itataka betri inayotoa zaidi, na bawa litabaki lilelile. Tunafika gramu 900. Itapanda, sikatai. Halafu itatua kama tofali, na kila ikitua inavunja pua. Yeye tayari ameshaitengeneza mara tatu.

Kipanga wa Uyole

Taarifa ya kwanza, si nzuri.

Nilikuwa na haraka. Jumamosi nikabadilisha propela tu kuwa 9x4.5, nikapachika betri ndogo ya 3S 1300 mAh niliyokuwa nayo kwenye sanduku, nati nikazing'oa kwa hasira, nikaenda uwanjani. Sikupima kitovu. Nikarusha, ikapanda kwa nguvu kweli, nikapiga kelele ya furaha, halafu ikaendelea kupanda. Nikasukuma elevata chini, haisikii, ikalala chali, ikapiga mbizi kwenye shamba la viazi la mama mmoja. Mama amenisamehe. Propela moja imekatika, ukuta wa mota umechomoka.

Niliporudi nyumbani nikapima: kitovu kilikuwa 7.1. Nilitoa uzito puani halafu nikategemea dua.

Binti Rubani

Pole. Kitovu kikiwa nyuma hivyo elevata inakuwa kama kisu, ukiigusa kidogo inajipindua. Ndiyo maana unasema haisikii, ilisikia kupita kiasi.

Kipanga wa Uyole

Taarifa ya pili. Nimechukua wiki mbili, sijagusa rimoti kabisa.

Betri ya 2200 ilikuwa gramu 185, ya 1300 ni 112. Hapo nimeokoa 73. Nati zimetoka, 28. Miguu na matairi nimeviondoa, 31, natua kwa tumbo kwenye nyasi. Spoku nimezibadilisha kwa vijiti vya mishikaki, kutoka 14 hadi 5. Karatasi na rangi ya mkia, pamoja na karatasi ya ndani ya mwili nyuma ya bawa, 13. Bendera imekwenda, samahanini Watanzania.

Jumla gramu 154. Ndege sasa ni 588.

Betri nimeisogeza mbele sentimita 7, mpaka imegusa ukuta wa mota, nimekata dirisha jipya kwa juu ili iingie. Bila kuongeza hata gramu moja kitovu kimekaa 5.2. Nilishangaa, kwa sababu nilidhani nati zile zilikuwa lazima. Mkia mwepesi ndio uliolipa deni.

Mota nimeigeuza kulia mbili, chini mbili na nusu, kwa washa za skrubu za kompyuta. Mapengo ya bawaba za eleroni (vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa) nimeyaziba kwa selotepu upande wa chini, kuna mtu aliniambia hewa inapita hapo na kupoteza nguvu.

Wotimita na 9x4.5: ampea 10.6, volti 11.2, wati 119. Mizunguko 8,800. Mizani ya mizigo inasoma gramu 590. Yaani mvuto umelingana na uzito. Mota nimeigusa baada ya dakika tatu za gesi nyingi, ya moto lakini kidole kinakaa.

FundiSolda

Wati 200 kwa kilo kwa mota ileile. Safi. Kidole kikikaa sekunde tano uko salama. Betri hiyo ya 1300 ni ngapi C, yaani inaweza kutoa ampea mara ngapi ya ujazo wake?

Kipanga wa Uyole

Imeandikwa 25C. Kwa hesabu ni ampea 32, mimi natumia kama 11 kwa juu kabisa.

FundiSolda

Inatosha, hata kama karatasi yake inadanganya nusu. Ila Mbeya ya Juni na Julai asubuhi lipo inakuwa mvivu, volti zinaanguka ukifungua gesi. Iweke mfuko wa ndani wa koti mpaka dakika ya kuruka. Na usiishushe chini ya volti 3.5 kwa seli ikiwa hewani. Ukiiweka kabatini iache kwenye 3.8, usiiache imejaa. Ukiona imevimba, usiipe nafasi ya pili.

Muscat Kwetu

Huku Oman tuna tatizo kinyume cha lako, mwanangu. Tuko usawa wa bahari lakini kiangazi nyuzi 40 na zaidi. Hewa inapungua kidogo tu kwa joto, kama asilimia 3 ukilinganisha na nyuzi 30, si kitu mbele ya mlima wenu. Kinachotuua ni ESC na betri kuchemka. Tunaruka baada ya alfajiri au tunakaa ndani. Nimeona tu niwasalimu.

Kipanga wa Uyole

Taarifa ya tatu, nimetoka uwanjani sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Saa moja asubuhi, upepo hakuna. Nikafungua gesi kama robo tatu, nikaisukuma mbele bila kuinua pua, kama nilivyoambiwa. Ikaenda. Ikaenda tu! Haikuyumba. Nikaacha ijipandishe yenyewe mpaka urefu wa nguzo za umeme mara mbili, nikapunguza gesi hadi nusu na bado inapanda. Kwa nusu gesi nimekaa dakika kumi, nikatua nikiwa na asilimia 25 ya betri.

Nikafanya na jaribio la kupiga mbizi: juu, gesi kukata, pua chini nyuzi kama 45, kuachia fimbo za rimoti. Ilijirudisha taratibu sana yenyewe. Nimeelewa kwamba ikijirudisha kwa haraka pua ni nzito, na ikizidi kuzama mkia ni mzito. Yangu naona iko sawa, labda nirudishe betri milimita tatu.

Bawa kuachia: nilipanda juu nikapunguza gesi nikivuta elevata polepole. Inatikisika kwanza, halafu pua inashuka moja kwa moja, haidondoki kushoto tena.

Mzee wa Upepo

Usirudishe betri. Ruka nayo mara kumi hivyohivyo kwanza.

Nimekupigia tena ile hesabu. Kwa gramu 588 bawa lako hapo Mbeya linaachia kwenye kilomita 29 kwa saa. Ndege yako sasa iko tulivu kuliko ilivyokuwa Kigamboni, na bado uko mita 1,700 juu.

Binti Rubani

Kuna jambo moja dogo kama unataka kuendelea kucheza. Bawa lako ni la bapa au lina mgongo?

Kipanga wa Uyole

Bapa, nimekunja ukingo wa mbele tu.

Binti Rubani

Kwa mabawa madogo na kasi ndogo hewa ina tabia ya ajabu, haipendi kushikamana na mgongo laini, inajitenga mapema, na kadiri hewa inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyozidi. Wajenzi wa fomu wengi wanaongeza ubao wa pili juu ya bawa, unaanzia ukingo wa mbele na kuishia nusu ya upana, unaacha ngazi hapo katikati. Wamarekani wawili, Kline na Fogleman, walipewa hataza ya bawa la ngazi mwaka 1972, na mmoja wao alianzia kwenye ndege za karatasi. Kwa ndege kubwa halikuonyesha faida, kwa hizi zetu watu wanalipenda hasa kwa sababu linaongeza ugumu wa bawa na linaachia kwa upole. Mimi ninalo, sisemi linapanda zaidi. Nasema linavumilia makosa yangu.

Mzee wa Upepo

Na litaongeza gramu 30. Mwambie na hilo.

Binti Rubani

Nilikuwa naelekea huko Mzee 😄 Ndiyo, litaongeza. Karatasi uitoe.

Turbo255

Nimekubali yaishe. Ile hela ya mota imekwenda wapi?

Kipanga wa Uyole

Nimenunua wotimita ya kwangu, propela nne za 9x4.5 na betri ya pili ya 1300. Chenji imebaki, nimempelekea yule mama wa viazi sukari na majani ya chai.

Mpita Njia

Na mchele wangu wa Kyela?

Kipanga wa Uyole

Mpita Njia, zile gramu 154 nilizotoa nilizipima kwa mchele kwenye mizani ileile ya jikoni, ni kikombe cha chai karibu kijae. Nimekuwa nikiusafirisha mchele wako tangu Kigamboni.

NairobiMrefu

Hahaha. Mimi niko na swali la pembeni: nimejenga bawa tupu lisilo na mkia, sentimita 90, halitaki kutulia hata kidogo, linapiga mbizi kila nikiachia. Kitovu nimeweka asilimia 28 kama mlivyosema hapa.

Mzee wa Upepo

Hiyo asilimia ni ya bawa la mstatili lenye mkia nyuma yake. Bawa tupu ni habari nyingine, linataka kitovu mbele zaidi na ukingo wa nyuma uliopindwa juu. Fungua uzi wake, na picha ya kutoka juu, na uzito. Uzito kwanza.